Chenjiova ni nini, na gari la umeme linaihusu vipi

Chenjiova ni swichi ya nafasi tatu. Mkono ukiwa juu, nyumba inakula umeme wa shirika. Ukiwa chini, inakula wa jenereta. Ukiwa katikati, haili kitu. Ungeweza kudhani swichi mbili za kawaida zingefanya kazi hiyohiyo, lakini tofauti iko kwenye ule mkono: ni mmoja. Hauwezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja, hata kama aliyeushika ana usingizi, ana haraka, au ni mtoto anayechezea.

Wapo wanaoikwepa kwa sababu ya bei. Wanatengeneza waya wenye plagi kila upande, plagi moja inaingia kwenye jenereta, ya pili kwenye soketi ya jikoni, na nyumba nzima inawaka. Kinachotakiwa ni kukumbuka kuzima meni swichi kwanza. Kuna nyumba niliyoikuta imebandika karatasi ukutani kwa solotepu: "Zima meni kabla ya kuwasha." Chenjiova yao ilikuwa karatasi hiyo. Tena plagi ya pili ikichomoka kwenye soketi wakati jenereta inaunguruma, zile pini zilizo wazi zina volti 230, na aliyezishika ni mwenye nyumba mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi iko nje, kwenye nguzo. Transfoma haijui upande upi ni wa kupokea na upi ni wa kutoa. Ile inayoshusha volti 11,000 ziwe 230 za nyumbani, ukiipa 230 kutoka nyumbani itazipandisha zirudi kuwa maelfu. Mara nyingi kijenereta hakifiki huko, kwa sababu friji na pasi za mtaa mzima zinakilemea na kinazima. Lakini laini ikiwa imekatika karibu na kwako, na upande wako mmebaki nyumba mbili tatu, kinaweza kuumudu mzigo huo kikaendelea kuunguruma. Hapo ndipo fundi wa laini anapopanda kushughulikia waya anaouhesabu kuwa umekufa. Na umeme wa shirika ukirudi wakati jenereta bado inazunguka, mawimbi ya pande mbili hayalingani, na anayeshindwa katika mgongano huo ni jenereta.

Sehemu inayowachanganya hata mafundi wazoefu ni nyutro, yaani waya unaorudisha umeme ulikotoka. Chenjiova nzuri ya fezi moja inakata waya wa moto na nyutro pamoja. Ya fezi tatu inakata nyaya nne. Sasa jenereta nyingi ndogo zinatoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijafungwa na ethi, yaani waya wa usalama unaoenda ardhini. Umeme ili uvuje na kuleta madhara unahitaji njia ya kurudi ulikotoka, na ile breka ya kukata umeme unaovuja, mafundi wanayoiita RCD, inategemea mvujo huohuo ili ikate. Nyutro isipofungwa na ethi, hitilafu ya kwanza inapita kimya. Bati la friji linaweza kuwa na umeme, RCD ipo, na haikati. Ya pili ikija, mtu anakuwa katikati ya hitilafu mbili.

Kwa hiyo panatakiwa fungo la nyutro na ethi, tena moja tu. Chenjiova ikikata nyutro, fungo linakaa upande wa jenereta, pamoja na fimbo yake ya ethi. Isipokata, jenereta inategemea fungo lililokwisha kuwepo upande wa shirika, na ukiongeza la pili, sehemu ya umeme itaanza kurudi kupitia waya wa ethi, ambao kazi yake si hiyo. Kama mafunzo ya kanuni za umeme kwa mafundi yangekuwa na somo moja tu, ningechagua hili.

Kanuni zenyewe hazikai palepale. Za Marekani, zinazoitwa NEC, zilitoka mara ya kwanza mwaka 1897 na sasa zinarekebishwa kila baada ya miaka mitatu; ndiyo maana majimbo mengi huko yanamrudisha fundi darasani kabla ya kumhuishia leseni. Tanzania leseni za mafundi zinatolewa na EWURA, Kenya na EPRA, mamlaka za kudhibiti nishati. Katika NEC, jenereta ya akiba ya nyumbani iko kwenye kifungu cha 702, na chaja ya gari iko kwenye cha 625.

Gari la umeme kwanza ni mzigo, yaani kitu kinachokula umeme, na ni mzigo wa aina yake. Birika linachemka dakika chache na kuzima. Gari linavuta usiku kucha. NEC inauita mzigo wa kudumu ule unaoweza kuvuta umeme wake wote kwa saa tatu au zaidi, na inataka breka yake ihesabiwe kwa asilimia 125. Chaja ya ampea 32 inafungiwa breka ya 40.

Lakini gari hilo ni betri pia, na betri inaweza kutoa. Nissan walianza kuuza Japani mwaka 2012 mfumo wa kuwasha nyumba kwa gari la Leaf, na Ford F-150 Lightning inaweza kuipa nyumba hadi kilowati 9.6. Toleo la NEC la 2020 likabadilisha jina la kifungu cha 625: kutoka mfumo wa kuchaji kikawa mfumo wa kuhamisha nguvu. Gari la namna hiyo likiwasha nyumba, linahitaji kitu cha kuitenga na laini ya shirika, kwa sababu ileile ya jenereta. Chenjiova yake mara nyingi inajiendesha yenyewe, ila ndani yake bado kuna kizuizi kinachokataa pande mbili kushikana.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama gari linaweza kuchajiwa kwa jenereta. Linaweza, ukipunguza ampea: chaja ya ampea 32 inavuta kilowati 7.4, na jenereta nyingi za nyumbani hazifiki nusu ya hapo. Halafu wengi wanachomeka, taa nyekundu inawaka, na chaja inarudishwa dukani kuwa ni mbovu. Chaja nyingi hukagua ethi kabla ya kuruhusu umeme upite. Imekuta nyutro ya jenereta haijafungwa na ethi, ikakataa.