Kifaa kilichosema "Tayari" wakati kerneli imekataa

Nina kiprogramu nilichokiandika mwenyewe kwa C cha kudhibiti matumizi ya umeme ya prosesa. Kazi yake kubwa ni kuandika jina la gavana (kanuni inayoamua prosesa iende kasi gani) kwenye faili la scaling_governor la kila kiini cha prosesa, kule /sys/devices/system/cpu kwenye Linux. Juzi nikakiomba kiweke gavana aitwaye schedutil kwenye mpakato wa Intel. Kikajibu "Tayari". Feni ikaendelea kuvuma vilevile.

Nikakiendesha ndani ya strace, inayoonyesha kila ombi la programu kwa kerneli (moyo wa mfumo endeshi), nikaona: write, ombi la kuandika, imerudisha -1, EINVAL, yaani thamani haikubaliki. Mashine ile inatumia dereva intel_pstate katika hali ya active, na humo magavana ni wawili tu, performance na powersave. Kerneli ilikataa bila kuficha. Msimbo wangu ndio uliomeza jibu.

Ilikuwaje? Fanksheni ya kuandika niliitangaza kuwa unsigned int, na ndani yake, likitokea kosa, nikarudisha -1. Aina hiyo haina namba hasi, kwa hiyo -1 inageuka 4294967295. Huku juu nauliza:

if (andika_sysfs(njia, jina) < 0)

Sharti hilo haliwezi kutimia hata siku moja. Na kompaila yangu, gcc, hata ikiwa na swichi ya maonyo -Wall, haikuguna. Onyo lake huja ukiongeza -Wextra. Nimeiongeza kwenye Makefile, faili la maelekezo ya kuunda programu, na mengine iliyoyafichua nitayasema nikishapoa.

Sasa fanksheni inarudisha int: 0 ikifaulu, ikishindwa errno (namba ya kosa inayoachwa na mfumo) yenye alama ya hasi. Hiyo errno naihifadhi papo hapo baada ya write, kabla ya close, maana close nayo ikishindwa itaiandika upya na mtumiaji ataambiwa kosa lisilo lake. Ikiwa ni EACCES, yaani hana ruhusa, namwambia ajaribu na sudo, kwa mamlaka ya msimamizi.

Nikiwa humo nikakuta jingine kwenye kitanzi. Viini ni 8, na kila mzunguko ulifuta matokeo ya uliotangulia, hivyo kiini cha mwisho kilikuwa kinawasemea wenzake wote. Saba vishindwe, cha nane kifaulu, programu inatoka na 0! Sasa kosa la kwanza linahifadhiwa hadi mwisho. Kosa la EBUSY tu ndilo ninalolivumilia, tena iwapo faili la online la kiini hicho lina 0, yaani kimezimwa. Wapo watakaosema kosa ni kosa, lakini mtu aliyezima kiini kwa mkono wake hana haja ya kukemewa kwamba kimezimwa.

Lililobaki ni scaling_max_freq, inayohesabiwa kwa kilohezi. Ukiomba kasi iliyozidi uwezo wa prosesa, kwenye mashine hii write inafaulu na kerneli inaishusha kimyakimya. Hakuna errno ya kukagua hapo. Kwa hiyo baada ya kuandika nalisoma faili upya na kuchapisha nilichokikuta: "Uliomba 5000000, imewekwa 3400000."