Mwanga hukutana wapi ndani ya jicho?

Zama Bagamoyo bila miwani ya kuzamia, fumbua macho: hata vidole vyako ni ukungu mtupu. Konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, hupinda mwanga kwa nguvu kwa sababu inapakana na hewa. Maji hupinda mwanga karibu sawa na konea, kwa hiyo kazi yake karibu yote hupotea. Miwani ya kuzamia huirudisha hewa, basi. Jicho lililotulia lina nguvu ya dayopta kama 60, na zaidi ya 40 ni za konea; dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga, yaani 1 ÷ umbali kwa mita.

Lenzi iliyo nyuma ya mboni hurekebisha tu. Ukitazama jahazi lililo mbali, hubaki bapa. Ukiinamia wavu unaoshona, msuli hukaza na lenzi hutuna, ili mwanga ukutane juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Taswira hutua pale kichwa chini, ubongo huielewa wima.

Hitilafu huanza vipimo visipooana. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi. Likizidi kwa milimita moja tu, mwanga hukutana kabla ya retina, kwa tofauti ya dayopta 2.5 hivi: kitabu kinasomeka, jahazi ni kivuli. Dawa yake ni lenzi mbonyeo, yenye alama ya kutoa. Anayehitaji miwani ya dayopta −2.00, akiivua, huona safi mpaka nusu mita tu (1 ÷ 2).

Jicho likiwa fupi, huhitaji lenzi mbinuko, yenye alama ya kujumlisha. Kijana hujifidia kwa kutunisha lenzi ya jicho, ndiyo maana husoma ubao wa herufi bila shida na jioni kichwa kikamuuma. Konea iliyopinda kama mgongo wa kijiko, upande mmoja zaidi ya mwingine, ni astigmatizimu. Cheti cha miwani huiandika kwa silinda (nguvu ya ziada ya upande mmoja) na mhimili (pembe yake).

Baada ya miaka 40 hivi lenzi hukakamaa, na mshona nyavu huanza kunyoosha mkono ili alione tundu la sindano. Miwani ya kusomea inayouzwa mezani sokoni, +1.00 mpaka +3.00, humfaa iwapo macho yake yanalingana, kwani huwa na nguvu moja pande zote na silinda haina.

Toboa karatasi ngumu tundu la milimita 1, ziba jicho moja, chungulia kwa jingine. Ukiona vizuri zaidi, yaelekea miwani itasaidia. Ukungu ukibaki vilevile, huenda ni mtoto wa jicho au tatizo la retina. Mwone daktari wa macho, si muuza miwani.