API ni nini, na duka la mtandaoni linaihitaji lini

Muuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kupata oda kwa njia tatu kwa siku moja: mteja anayefika dukani, anayeandika WhatsApp, na anayebofya "nunua" kwenye tovuti akiwa Dodoma. Gunia likibaki moja, wote watatu wanaweza kuahidiwa lilelile. Tatizo hapo ni kwamba tovuti haina namna ya kujua kilichomo stoo, labda mtu akae aibadilishe kwa mkono kila gunia linapotoka.

API ndiyo inayoondoa kazi hiyo. Ni orodha ya maombi ambayo mfumo mmoja umekubali kuyapokea kutoka kwa mifumo mingine, pamoja na masharti ya namna ya kuyaandika na majibu yatakayorudi. Haina vitufe wala picha, kwa kuwa watumiaji wake ni programu nyingine. Ni kama dirisha la stoo: unaagiza kwa jina na kiasi, unapewa au unakataliwa, lakini ndani huingii.

Wazo hili limezoeleka kwenye biashara ya mtandaoni kwa muda sasa. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, ilifungua API yake mwaka 2000 ili programu za watu wengine ziweze kuorodhesha bidhaa sokoni kwake. Leo Shopify na WooCommerce, mifumo inayotumika sana kujengea maduka, zote zina API zao.

Ombi lenyewe ni maandishi mafupi. Tovuti inauliza, "mchele wa kilo 25, umebaki kiasi gani?" Jibu linarudi na bei, idadi na namba ya hali: 200 ni sawa, 404 hakuna kitu kama hicho, 401 hujajitambulisha ipasavyo, 429 umeuliza mara nyingi mno, subiri.

Kwenye malipo ndiko mambo yanakoharibika, na hapo mwenye duka anapaswa kuelewa hata kama haandiki programu. Mteja akichagua kulipa kwa simu, tovuti inatuma kwa mtandao wa simu kiasi, namba ya mteja na namba ya oda. Kidirisha kinatokea kwenye simu yake, anaweka namba ya siri. Tovuti haiioni namba hiyo kabisa, na tovuti inayokutaka uiandike ndani yake ikimbie.

Jibu la kwanza linaloifikia tovuti husema tu kwamba ombi limepokelewa. Halisemi pesa imelipwa. Habari ya malipo huja baadaye, mteja akishathibitisha: mtandao wa simu ndio unaoigongea tovuti kwenye anwani iliyosajiliwa na kuiambia muamala umefaulu au umeshindwa. Fundi mzembe huandika programu inayotoa risiti kwenye jibu la kwanza, na mzigo unaondoka bila senti kuingia.

Halafu kuna mtandao kukatika katikati. Pesa imekatwa, jibu halijafika, tovuti inadhani imeshindwa na inatuma ombi tena. Ndiyo maana kila oda hupewa namba yake ya pekee. Mfumo wa malipo uliotengenezwa vizuri ukiona namba ileile ikirudi, unarudisha jibu la muamala wa kwanza badala ya kumkata mteja mara mbili. Muulize fundi wako analishughulikiaje hili kabla hujamlipa. Akibabaika, tafuta mwingine.

Ili API ijue ni nani anayeuliza, duka hupewa ufunguo, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Unakaa kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, kamwe si kwenye kurasa ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma. Fundi akimaliza mkataba, badilisha ufunguo, hata kama mmeachana vizuri.

Muuza vikapu vya Iringa mwenye wateja Ulaya atahitaji pia API ya malipo ya kadi, kwani wengi wao hawana laini ya Tanzania. Ila mzigo ukitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam kwa basi, mara nyingi API inaishia stendi. Risiti ni ya karatasi, na hakuna mfumo wa kuuliza kifurushi kimefika Makambako au Mikumi. Mtu lazima aandike namba ya basi na simu ya kondakta kwenye oda, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kama unauzia sehemu moja tu na oda unazimudu kwa daftari, usimlipe mtu akuunganishie chochote. Gharama inaanza kuwa na maana pale bidhaa ileile inapouzwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, au unapomaliza jioni nzima ukilinganisha SMS za malipo na majina ya wateja.