Diski ya breki ya pikapu: ipime kabla hujaichonga

Malalamiko ya wenye pikapu za kazi wanaofika karakanani kwetu yanafanana mno: ukikanyaga breki gari likiwa kwenye mwendo, usukani unatikisika na pedali inadunda mguuni. Jibu wanalopewa mtaani nalo ni lile lile, kwamba diski imepinda, ivuliwe ipelekwe kwa mchongaji aunyooshe uso wake kwa mashine. Inachongwa, gari linatulia, na baada ya miezi michache mtikisiko umerudi. Inachongwa tena. Mzunguko huo unamwondolea mwenye gari breki zake kidogo kidogo huku akiulipia, ilhali mara nyingi diski yenyewe haikupinda.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na diski za mbele ndizo zinazopokea sehemu kubwa ya joto hilo. Chukua pikapu za mboga zinazoshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo, pale zinapoikuta barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, haifiki mita 500. Pikapu ya tani 3, ukijumlisha kabichi na karoti zilizojaa nyuma, ikishuka mita 900 inaachia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji. Sehemu ya nishati hiyo inamalizwa na hewa, matairi na injini, iwapo dereva ameshuka na gia ndogo. Anayeshuka na gia kubwa, mguu juu ya breki kona hadi kona, anaibebesha karibu yote diski na dramu. Diski nene ina chuma cha kutosha kuhimili. Iliyochongwa mpaka ikawa nyembamba inashika moto upesi, pedi zinaanza kuteleza, mafuta ya breki yanachemka ndani ya kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, na pedali inazama hadi chini bila gari kuitikia.

Kwa hiyo unene wa diski si jambo la kukadiria kwa macho. Kila diski ina kikomo chake, na kimepigwa chapa kwenye chuma chenyewe, ama ukingoni ama kwenye kofia ya katikati: utaona maandishi MIN TH, yaani unene wa chini kabisa, yakifuatwa na namba ya milimita. Safisha kutu utaisoma. Tofauti kati ya diski mpya na kikomo hicho huwa ndogo kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi milimita 2 au 3 kwa jumla ya pande zote mbili. Mchongo mmoja wa mkono mzito unaweza kuila nusu yake. Pima kwa mikrometa, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, sehemu sita hadi nane kuizunguka diski, kama sentimita moja kutoka ukingoni. Kalipa ya kupimia ya kawaida (si ile ya breki) inadanganya hapa, maana meno yake yanakaa juu ya ule mdomo wa nje ambao pedi haziugusi, inakusomea unene ambao haupo tena. Diski iliyofika kwenye kikomo haichongwi, inatupwa. Na ile ambayo ikichongwa itafika kwenye kikomo, nayo inatupwa leo.

Sasa turudi kwenye mtikisiko. Ukizipima hizo sehemu sita au nane, mara nyingi utakuta unene hautoshani: mahali pamoja pameliwa kuliko pengine kwa sehemu ndogo sana za milimita, hata milimita 0.02 zinatosha mguu kuhisi. Hilo limetoka wapi? Kwa kawaida limetoka nyuma ya diski, kwenye uso wa habu, kitovu cha gurudumu, inapokaa. Kipande cha kutu au tope lililokauka kikibaki pale, diski inakaa upande. Inazunguka ikiyumba, na kila mzunguko inaipangusa pedi mahali pale pale hata dereva asipokanyaga breki. Kilomita elfu chache baadaye pale palipopanguswa pamekonda, na ndipo usukani unapoanza kucheza. Ukiipeleka diski hiyo kwa mchongaji ukairudisha kwenye habu ile ile chafu, umelipia miezi michache ya utulivu.

Chanzo cha pili ni nati za gurudumu. Tunaziona pikapu ambazo nati zimekazwa kwa bomba refu mpaka fundi amening'inia, nyingine zimekazwa nusu, tena kwa kufuata duara badala ya kuruka upande wa pili. Diski ya Hilux na nyingi za aina yake inabanwa kati ya gurudumu na habu, basi nguvu isiyo sawa ya nati inaivuta diski nayo. Kaza kwa kuvuka, kwa awamu, ukimalizia na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Rimu ya chuma na rimu ya aloi hazikazwi sawa.

Uyumbaji unapimwa kwa geji ya saa, ile yenye mshale na kitako cha sumaku. Funga diski kwenye habu kwa nati zote, egesha ncha ya geji juu ya uso wake, izungushe taratibu kwa mkono. Magari mengi hayaruhusu zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.10. Ikizidi, usikimbilie kununua: vua diski, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, jaribu kuigeuza diski tundu moja au mawili, upime tena. Ikigoma, angalia beringi. Geji hii ni rahisi kuliko diski mbili, na gereji inayofanya breki kila siku bila kuwa nayo inabahatisha kwa fedha za mteja.

Kubadilisha kwenyewe kunategemea gari. Kwenye Hilux za sasa, ukishaondoa gurudumu na kalipa, diski inatoka yenyewe. Ikiwa imeshikwa na kutu, kuna matundu mawili yenye nyuzi kwenye kofia yake, ingiza boliti za milimita 8 uzikaze kwa zamu, itajisukuma nje. Nyundo haihitajiki. Land Cruiser 79 ni habari nyingine: diski ya mbele imefungwa kwa boliti nyuma ya habu, hivyo lazima ufungue friwili, ile kofia ya habu inayounganisha gurudumu na ekseli, utoe habu nzima na beringi zake, uweke sili mpya na grisi mpya, kisha urekebishe ubano wa beringi. Nadhani hii ndiyo sababu diski za magari haya zinachongwa kupita kiasi, kazi ni ndefu na fundi anaona bora aguse kidogo tu. Usikubali.

Diski zinabadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, pamoja na pedi mpya. Kalipa usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Ifunge kwa waya kwenye springi. Pini zake za kuteleza zitoe, zifute, zipake grisi maalumu ya breki, kwa kuwa grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Pini iliyoganda ndiyo inayoacha pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, baadhi ya pedi za bei rahisi bado zina asbesto, na mapafu hayana spea. Lilowanishe kwa maji.

Kuna jambo moja ambalo wenye pikapu wengi hawajaambiwa. Pikapu nyingi, Hilux za miaka mingi zikiwemo, zina vali nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kifimbo. Bodi ikishuka kwa mzigo, kifimbo kinasogea na vali inaziruhusu breki za nyuma kupata presha zaidi. Ukiongeza vipande vya springi ili gari lisilale, bodi inabaki juu hata ukiwa umepakia, na vali inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi kidogo, za mbele zinabeba zote, diski zinageuka bluu kwa moto. Kila anayeongeza springi lazima arekebishe vali hiyo. Ukiona diski za mbele zinakwisha haraka bila sababu, anzia hapo.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu hunywa unyevu hewani. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Usioshe magurudumu kwa maji baridi mara tu baada ya kushuka mlima, subiri diski zipoe. Wa pwani, mkishapita kwenye maji ya chumvi, suuzeni kwa maji yasiyo na chumvi jioni ile ile, vinginevyo kutu inaziba mianya ya hewa katikati ya diski. Ufa mdogo mdogo kama nywele juu ya uso unavumilika, lakini uliofika ukingoni hauna mjadala, diski inatupwa.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yafutwe yote kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kufunga. Piga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, ndipo uondoke. Tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, kama mara kumi, kwa breki ya wastani, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya kila moja. Usisimame kabisa huku umeshikilia pedali ya moto, pedi itaacha alama yake kwenye diski na mtikisiko utaanza siku ya kwanza. Baada ya kilomita 50 hadi 100 hakiki nati za magurudumu kwa spana ya torki, gari likiwa limepoa.