Takataka za botini: kipi kitupwe, kipi kirudi gatini

Taka nyingi za botini ni vifungashio, na vingi kati ya hivyo havikuwa na haja ya kupanda chomboni. Kabla ya kung'oa nanga, mimina mchele, sukari na sabuni ya unga kwenye makopo yenye vifuniko vya kukaza. Maboksi ya kadibodi yabaki nchi kavu, tena mende hupenda kutaga mayai katika mikunjo yake.

Wapo manahodha ambao hadi leo hutupa chupa na mikebe wakishavuka maili 12 za baharini. Ruhusa hiyo iliondolewa tarehe 1 Januari 2013, Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kilipobadilishwa. Tangu hapo kutupa chochote ni marufuku, isipokuwa vichache vilivyotajwa, na kwa boti ya kawaida hivyo ni mabaki ya chakula basi. Yakisagwa hadi yapite kwenye tundu la milimita 25, yanatupwa kuanzia maili 3 (kama kilomita 5.5) kutoka nchi kavu, yasiposagwa, kuanzia maili 12. Chombo kiwe kinasafiri, si kimetia nanga. Katika maeneo maalumu kama Mediterania na Baltiki, yawe yamesagwa na umbali uwe maili 12 au zaidi. Sheria ya nchi husika yaweza kubana zaidi, kwa hiyo iulizie mapema.

Kabla ya kumwaga, chambua. Stika ndogo iliyobandikwa kwenye tunda ni plastiki, na plastiki haina umbali unaoruhusiwa. Kamba za nailoni, mishipi na vichungi vya sigara vimo humohumo. Kuichoma plastiki sitahani hakusaidii: majivu yake nayo hayatupwi. Mafuta ya kupikia pia hayahesabiwi kuwa chakula. Yakipoa, yatie kwenye chupa.

Shida kubwa ya kuhifadhi taka ni harufu, na harufu hutokana na mabaki, si plastiki yenyewe. Suuza kila pakiti kwa maji ya bahari, ikaushe, ikate vipande kwa mkasi, kisha ishindilie kwa kijiti ndani ya chupa ya lita 5. Utashangaa chupa moja inavyomeza pakiti. Ukiingiza kitu kibichi, joto litakiozesha na gesi itajaa, hivyo fungua kizibo polepole. Mikebe ikate pande zote mbili, uibonde, na ukunje ncha kali ndani zisipasue mfuko. Chupa za kioo usizivunje, zirudishe zima. Mfuko usiufunge kwenye reli ya sitaha, maana upepo ukikaza utachanika na taka zote zitaishia majini.

Chujio kuukuu la oili huendelea kuvuja muda mrefu baada ya kufunguliwa. Ligeuze juu ya kopo usiku kucha, kisha lifunge kwenye mfuko mzito. Maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, yakiwa na mafuta, usimimine sabuni: mafuta hayaondoki, yanavunjika tu kuwa matone madogo na kutoka na pampu. Tandika vitambaa vya kufyonza mafuta chini ya injini, uvibadilishe vikilowa.

Betri na fataki za dharura zilizopita muda ziweke mbali na taka nyingine. Fataki hizo hazitupwi baharini wala kwenye pipa la gatini. Uliza mamlaka ya bandari au muuzaji wake nani anazipokea.