Maji angavu si maji salama: dhana potofu kuhusu filta ya tangi la samaki

"Maji yakiwa angavu, samaki wako salama." Hapana. Amonia haina rangi, na ndiyo inayoua samaki wengi katika matangi mapya. Hutoka kwenye kinyesi cha samaki, kwenye matamvua yao na kwenye chakula kinachooza chini. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadili maji. Bakteria hao hawaelei majini. Wamejishika kwenye sponji, mawe na kioo, kama utelezi.

Ndiyo maana dhana ya kuosha filta kwa sabuni hadi sponji ing'ae ina madhara kuliko zote. Hata maji matupu ya bomba yenye klorini huwaua. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, kamua sponji humo mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado ya kahawia. Maji nayo usimwage yote. Robo kwa wiki yatosha.

"Acha tangi siku mbili, kisha weka samaki." Siku mbili zinatosha klorini kuruka kwenye ndoo iliyo wazi. Bakteria wanataka wiki 4 hadi 6. Kwa tangi la lita 60, washa filta, tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo cha matone kisome miligramu 2 kwa lita. Ukiikosa, tupia chembe za chakula kila siku zioze. Pima kila baada ya siku mbili. Amonia itapanda, kisha itashuka huku naitraiti ikipanda, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaona amonia imeisha, wanaweka samaki. Naitraiti huzuia damu kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki huhema juu juu hata pampu ikitoa mapovu tele. Subiri hadi miligramu 2 za amonia utakazotia upya ziishe ndani ya saa 24 na naitraiti isome sifuri. Badili nusu ya maji, anza na samaki wadogo wanne. Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma huchelewesha kazi hii. Hita ya wati 50 ikiwekwa nyuzi 26 husaidia sana.

"Maji yetu ni magumu, tumia ya mvua." Maji ya visima yanayokataa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe kwenye birika yanawafaa gapi, moli na samaki wengi wa Ziwa Tanganyika, na kabonati yake inahitajiwa na bakteria. Maji ya mvua matupu hayana kabonati: pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, huporomoka (maji huchachuka), bakteria huzubaa. Tahadhari ni moja: kwenye pH 8 sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Amonia kwenye kipimo ikifika nusu miligramu kwa lita, badili theluthi ya maji siku hiyo hiyo na usilishe.

"Zima pampu usiku, uokoe umeme." Pampu ya hewa ya wati 3 ikiwaka mwezi mzima hula uniti 2 na kidogo. Umeme ukikatika, usilishe. Filta ya kopo lililofungwa ifungue, sponji uitumbukize tangini bakteria wake wapate oksijeni. Pampu ya hewa ikae juu kuliko usawa wa maji, la sivyo maji yatarudi kwa mpira hadi kwenye mota.