Dawa ya jeni ya kanseri bila virusi: maswali yenye munaniulizaka

Kuweka jeni mu mwili wa mgonjwa wa kanseri ni kufanya nini?
Jeni ni maagizo. Munganga anataka seli ya kanseri ipokee agizo la kujiua, ao askari wa mwili wajifunze kuitambua. Shida haiko jeni, mzigo uko, chukudu ya kuubeba njo haiko: ukidunga jeni tupu mu damu inakatwa-katwa mbio, na hata ikifika, ukuta wa seli unaikatalia.

Si virusi zinajua kuingia mu seli?
Zinajua, na wanazitumiaka sana. Watu wa Goma wenye walichanjwa Ervebo ya Ebola mu 2019 walipewa virusi ya nyama za kufuga yenye walipachika jeni ya Ebola. Lakini mwili unaweza kuikasirikia virusi. Mu 1999 kule Marekani, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 mwenye ugonjwa wa ini, alikufa siku 4 kisha kudungwa jeni ndani ya adenovirusi (virusi ya aina ya mafua). Tena ukirudilia dozi, mwili umeshaijua, unaifukuza.

Sasa bila virusi wanapitisha wapi?
Yenye iko mbele ni vitonye vya mafuta, vidogo kabisa, chanjo za Moderna na Pfizer za Covid ziko vile, seli inavimeza, inasoma agizo, kisha agizo linapotea. Ingine ni umeme: wanadunga DNA (njo yenye kubeba jeni) mu kivimbe, wanapiga umeme wa mbio sana, wa sehemu ndogo ya sekunde, ukuta wa seli unafunguka halafu unajifunga (inauma, tusidanganyane).

Inafanya kazi?
Kiasi. Ukivipitisha mu mushipa, vile vitonye vingi vinaishia ku ini, kanseri ya titi inabaki inangoja, njo maana mara mingi wanadunga mu kivimbe chenyewe. Allovectin, DNA mu mafuta ya kudunga mu melanoma (kanseri ya ngozi), ilishindwa kupita shimio (dawa kali za kuua kanseri) mu 2013. Lakini chanjo ya Moderna na Merck, yenye wanatengenezea kila mgonjwa yake kufuatana na kivimbe chake, ilijaribiwa mu utafiti wa watu 157 wa melanoma: wenye walipewa chanjo pamoja na Keytruda (dawa yenye kusaidia askari wa mwili kupigana na kanseri), hatari yao ya kanseri kurudi ao kufa ilipunguka kwa 44% kuliko wenye walipewa Keytruda peke yake. Mimi hiyo njo inanipa moyo.

Naweza kuipata Goma?
Hapana, hiyo ingali majaribio. Mutu akikuuzia chupa ya "dawa ya jeni" kule Birere, anakuibia. Na kama uko ku shimio, usiiache ju ya kungojea hii.